Hakuna Sensa ya Waya Mmoja

Nilichomoa plagi ya feni, na namba kwenye skrini ikaanguka kutoka 37.5 hadi 35.2 kabla mkono wangu haujarudi mezani. Nikaichomeka tena; namba ikapanda hadi 37.5. Nikachomoa mara ya pili, ya tatu, ya nne. Kila mara mambo ni yale yale: nyuzijoto 2.3 chini, nyuzijoto 2.3 juu, kufumba na kufumbua.

Hewa haipoi hivyo. Mashine ya kuangulia mayai ni sanduku lililojaa vitu vinavyoshikilia joto: mayai yenyewe, trei ya maji, mbao za kuta. Ingechukua dakika kadhaa kupoteza hata nyuzi moja. Na sensa niliyotumia, yaani kipima joto cha kielektroniki, LM35 ile ya plastiki yenye miguu mitatu, huchukua makumi ya sekunde kuifuata hewa inapobadilika. Kitu kilichoruka kwa kasi ile hakikuwa joto. Ulikuwa umeme, na kwa siku 23 nilikuwa nimeusoma kama joto.

Siku 23 nazitaja kwa sababu yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Yangu yalichelewa. Vifaranga wachache walidonoa ganda siku ya 23, wengine hawakutoka kabisa. Nilikuwa nimelaumu mayai, nimelaumu unyevu, nimelaumu jinsi nilivyoyageuza. Skrini sikuilaumu, maana ilionyesha 37.5 usiku na mchana, bila kutikisika. Feni ilikuwa ikizunguka muda wote, kwa hiyo kosa nalo lilikuwepo muda wote, limetulia tuli. Kosa lililotulia ndilo gumu kulishuku. Kidhibiti cha hita kilipoona 37.5 kiliridhika, kumbe mayai yamekaa kwenye 35.2.

Nataka kueleza kosa hilo lilitoka wapi, kwa sababu nimekuja kuliona kwenye kazi za watu wengi, na kwa sababu dawa yake ilikuwa tayari imesolderiwa kwenye bodi yangu. Mguu mmoja tu wa kigeuzi, ile chipu inayogeuza volti kuwa namba, sikuutumia.

Kigeuzi changu cha analojia kwenda dijitali ni ADS1115, kidude cha biti 16 ambacho wengi wetu tunacho kwenye droo. Ni kigeuzi cha tofauti: kina mguu chanya na mguu hasi, na namba kinayotoa ni volti ya mguu chanya ukitoa volti ya mguu hasi. Sensa yangu, kwa upande wake, ina waya mmoja wa ishara. Inatoa milivolti 10 kwa kila nyuzi ya selsiasi, basi kwenye 37.5 inatoa milivolti 375. Nilifanya wanavyofanya wengi. Waya wa ishara niliupeleka kwenye ingizo la kwanza, nikakiambia kigeuzi kisome ingizo hilo peke yake, nikaendelea na shughuli nyingine.

“Ingizo hilo peke yake” ni maneno yasiyo na kitu nyuma yake. Volti haiwezi kuwa ya sehemu moja. Ni kama urefu: huwezi kusema kitu kina urefu gani bila kusema umeanza kupima wapi. Ndani ya ADS1115 kuna swichi ndogo za kuchagua maingizo, na ukichagua kusoma ingizo moja, swichi hizo zinaunga mguu hasi kwenye graundi ya chipu yenyewe, yaani pale inapohesabu kuwa volti sifuri. Kigeuzi bado kinatoa tofauti kama kawaida yake. Kimekuchagulia tu sifuri yake, na sifuri hiyo iko kwenye bodi. Sensa yako inapimia kutoka kwenye sifuri nyingine, iliyo ndani ya sanduku, upande wa pili wa kebo.

Mtoto akisimama juu ya kigoda nawe ukampima kutoka sakafuni, utaandika urefu wa mtoto na kigoda pamoja. Feni yangu ilikuwa kile kigoda.

Hesabu yake ni nyepesi. Kebo ilikuwa ya mita 3, nyaya zake nyembamba za milimita za mraba 0.22. Shaba ya unene huo na urefu huo ina ukinzani wa karibu omu 0.23. Feni ilikuwa ya volti 5, ikila miliampea 100 hivi, na mkondo wake ulirudi kwenye bodi kupitia waya ule ule wa graundi uliotumiwa na sensa. Zidisha 0.23 kwa miliampea 100, unapata milivolti 23. Kwa LM35 hizo ni nyuzijoto 2.3. Nilipoichukua multimita, nikaiweka kwenye milivolti, ncha moja kwenye mguu wa graundi wa sensa ndani ya sanduku na nyingine kwenye graundi ya kigeuzi, ilisoma 23.1. Nilichomoa feni, ikaenda sifuri. Nilikaa pale kwa muda nikiitazama.

Kinachonigusa mpaka leo ni kwamba kigeuzi hakikukosea hata kidogo. Nilikuwa nimekiweka kwenye masafa ya volti 0.512, yaani hiyo ndiyo tofauti kubwa kabisa kinayoweza kupima, ambapo kila hatua ni mikrovolti 15.625. Milivolti 375 hapo ni hatua 24,000 kamili. Kilikuwa kinaweza kutenganisha sehemu ndogo kuliko ile ya mia mbili ya nyuzi moja ya joto, na kilifanya hivyo kwa uaminifu, juu ya volti ambayo sikuwa nimekusudia kuipima. Mtu anaweza kununua biti nyingine nane na bado akapima kigoda.

Dawa ni kumpelekea kigeuzi sifuri ya sensa. Niliongeza waya wa nne. Wa kwanza unapeleka volti 5, wa pili ni graundi inayorudisha mkondo, wa tatu ni ishara, na huu mpya unaanzia kwenye mguu wa graundi wa LM35, pale pale kwenye mzizi wa mguu wenyewe, unaishia kwenye ingizo la pili la kigeuzi. Halafu kwenye programu nikachagua tofauti ya ingizo la kwanza na la pili. (Ndivyo ADS1115 inavyoanza yenyewe inapowashwa, ni sisi tunaoibadilisha ili isome “ingizo moja”.) Waya wa nne haubebi mkondo wa feni wala wa sensa. Unabeba chini ya mikroampea moja, kile kidogo tu ambacho kigeuzi hukivuta, hivyo hakuna volti ya kutajika inayopotea njiani. Graundi ya sanduku ikipanda milivolti 23, ishara inapanda 23, waya wa nne unapanda 23, na ukitoa moja kwa nyingine kigoda kinaondoka.

Sehemu ya mzizi wa mguu isipuuzwe. Ukiunganisha waya wa nne sentimita 20 mbali na sensa, kwenye kiunganishi ambapo graundi ya feni nayo inapita, basi kipande hicho cha sentimita 20 kinabaki kwenye kipimo chako. Na ukiuunganisha kwenye upande wa bodi, yaani ukachukua mguu hasi na kuufunga kwenye graundi hapo hapo kando ya kigeuzi, umerudia kazi ya ile swichi ya ndani kwa mkono wako. Hili la mwisho naliona mara nyingi kuliko makosa yote mengine: mtu amesoma kwamba mguu hasi uende graundi, akaupeleka graundi iliyo karibu. Ni kweli uende graundi, lakini ya sensa.

Kuna atakayesema: kwa nini usiipe feni waya wake wa kurudia? Nilifanya hivyo baadaye, na ni jambo jema. Mkondo mkubwa upite njia yake, ishara ipite yake. Lakini mara nyingi kebo imeshapita ukutani, au sensa imekuja ndani ya kifaa kilichofungwa, na njia za mkondo huwezi kuzigusa. Waya mmoja mwembamba wa ziada unaweza kuupitisha karibu popote.

Nyaya hizo mbili, wa ishara na wa sifuri, zisokotwe pamoja kama kamba toka mwanzo hadi mwisho. Zikiachana hata kwa vidole viwili zinafanya kitanzi, na kila transfoma na kila waya wa umeme mkubwa ulio karibu utaingiza volti kwenye kitanzi hicho. Zikisokotwa, kelele inaingia karibu sawa kwenye zote mbili, na kilicho sawa kwenye zote mbili ndicho kigeuzi cha tofauti kinakifuta. Kwa sababu hiyo hiyo, rezista unayoweka mbele ya mguu chanya iwe na pacha wake mbele ya mguu hasi. Mafundi wengi huona mguu hasi “ni graundi tu” wakauacha mtupu. Kelele ikikutana na omu 100 upande mmoja na sifuri upande mwingine, haiwi sawa tena, na isipokuwa sawa haifutiki. Kwenye bodi zangu naweka omu 100 kila upande, kapasita ya nanofaradi 100 kati ya miguu miwili, na nanofaradi 10 kutoka kila mguu kwenda graundi. Ile ya katikati huwa kubwa mara kumi kwa makusudi: kapasita mbili za graundi hazifanani kamwe kwa ukamilifu, na ile kubwa inafunika tofauti yao.

Hapa kuna mtego ulionichukua wikiendi nzima. LM35 haipendi kusukuma kapasita. Bila msaada inavumilia pikofaradi 50 tu, na kebo ya mita 3 iliyosokotwa, ambayo yenyewe ni kama kapasita, inapita hapo kwa urahisi. Tiba yake ni rezista ya kilo-omu 2 kwenye mguu wake wa kutoa ishara, huko huko kwenye sensa. Niliiweka, ishara ikatulia, lakini joto likawa chini kwa karibu sehemu ya kumi ya nyuzi. Nilitafuta kila mahali. Mwishowe nikaipata kwenye jedwali la chipu: kwenye masafa ya volti 0.512, ukinzani kati ya miguu miwili ya ADS1115 ni kilo-omu 710 tu. Kilo-omu 2 zangu na 710 zake zilikuwa zinagawana volti, na mgao wangu ulikuwa asilimia 0.28. Nilipanda hadi masafa ya volti 2.048, ambako ukinzani huo ni mega-omu 4.9, na kosa likashuka chini ya sehemu ya hamsini ya nyuzi. Hatua moja sasa ni mikrovolti 62.5, milivolti 375 ni hatua 6,000 badala ya 24,000, na sijakosa chochote. Yai halijui sehemu ya mia mbili ya nyuzi. Tangu siku ile sichagui masafa madogo kwa sababu tu ishara inaenea ndani yake.

Wapo wanaosikitika kwamba kigeuzi cha tofauti kikipewa sensa isiyoshuka chini ya sifuri, nusu ya hatua zake zinalala. Ni kweli: biti 16 ni hatua 65,536, na zilizo upande wa hasi hazitaguswa. Wengine wanatafuta kuziamsha kwa kuupandisha mguu hasi hadi katikati, mathalani volti 2.5 kwa sensa ya volti 0 hadi 5. Kwa sensa inayotumia chanzo kile kile cha volti, kama potenshiomita, wazo hilo lina maana, kwa sababu chanzo kikiyumba vyote vinayumba kwa uwiano mmoja. Kwa LM35 sikushauri. Mara nyingi hiyo volti ya katikati hutengenezwa kwa rezista mbili kutoka kwenye volti 5. Rezista za asilimia 1 zinaweza kuipeleka milivolti 25 pembeni, na hizo ni nyuzi 2.5, kigoda kingine kirefu kama kile cha kwanza. Chanzo kikishuka milivolti 100 rilei, ile swichi inayoendeshwa kwa umeme, inapowaka, katikati inashuka 50, na skrini inaruka nyuzi 5 huku hewa imetulia. Umepata biti moja, umepoteza ukweli wa kipimo. Nusu ile iliyolala iache ilale. Ina faida yake hata hivyo: sensa ikisoma kidogo chini ya sifuri, unaona hasi 3 au hasi 7 na kujua kuna jambo, badala ya sifuri iliyogota chini kimya.

Si kila kigeuzi cha tofauti kitakubali mguu wake hasi ushushwe hadi graundi. Rafiki yangu alivutiwa na biti 24 za HX711, ile moduli ya mizani, akaiunga na LM35: ishara kwenye chanya, graundi ya sensa kwenye hasi, kwa uangalifu kabisa, kwenye mzizi wa mguu. Namba iliyotoka ilikuwa 8,388,607, haibadiliki hata akiishika sensa kwa vidole. Hiyo ndiyo namba kubwa kuliko zote ambayo biti 24 zenye alama ya chanya na hasi zinaweza kuandika. Chipu ilikuwa imefika ukingoni. Sababu zilikuwa mbili. Kwa ukuzaji wa mara 128 na volti 5, HX711 inapokea tofauti ya milivolti 20 tu kila upande, naye aliipa zaidi ya 250. Na hata kama angeipunguza ishara, miguu yote miwili inatakiwa ikae angalau volti 1.2 juu ya graundi ili amplifaya ya ndani ifanye kazi. Imetengenezwa kwa ajili ya daraja la Wheatstone, saketi ya rezista nne, ambapo kila mguu unakaa karibu nusu ya volti ya chanzo na tofauti ni ndogo mno. Daraja hilo lilibuniwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833, Charles Wheatstone akalieneza mwaka 1843, na jina likambakia Wheatstone. Kupima tofauti ni jambo la kale kuliko transista kwa zaidi ya miaka mia.

Kwa hiyo kwenye jedwali la chipu, kabla ya kutazama biti, natafuta mistari miwili: kila mguu unaruhusiwa kuwa na volti gani ukilinganishwa na graundi, na wastani wa miguu yote miwili, yaani volti ya pamoja, unaruhusiwa kuwa wapi. ADS1115 inaruhusu kila mguu uwe popote kati ya graundi na chanzo, ndiyo maana kazi yangu ilikuwa rahisi. HX711 inataka katikati. Na vipo vigeuzi vya kasi na usahihi mkubwa vinavyotaka zaidi ya hapo: miguu miwili iende kinyume, mmoja ukipanda mwingine ushuke kwa kiasi kile kile, wastani ukibaki kwenye nusu ya volti ya rejea, ile ambayo kigeuzi hulinganishia vipimo vyake. Hapo mguu hasi hauwezi kusimama mahali pamoja, na waya wa nne peke yake hautoshi. Kunahitajika amplifaya ya kuigeuza ishara moja kuwa mbili zinazokwenda kinyume. ADA4941-1 ni mojawapo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Upana wa ishara unakuwa maradufu kwa volti ile ile ya rejea, na sehemu ya upotoshaji wa amplifaya inafutika kwenye utoaji. Kwa sauti au mtetemo wa mashine gharama hiyo inalipa. Kwa joto la mayai haina kazi.

Themokapo, sensa ya joto ya nyaya mbili za metali tofauti, nayo ina tabia tofauti. Haina graundi kabisa. Ni nyaya mbili zinazoelea. Ukiziunga kwenye miguu miwili na kuishia hapo, namba itatembea ovyo, maana mkondo mdogo wa maingizo hauna pa kurudia na miguu yote inapanda hadi kugonga dari. Ukitumia rezista kuifunga themokapo kwenye volti fulani inayojulikana, inatulia. Aina ya K inatoa karibu mikrovolti 41 tu kwa nyuzi moja, kwa hiyo milivolti 23 za feni yangu kwake zingekuwa zaidi ya nyuzi 500.

Sasa, kabla sijaamini usomaji wowote, nafanya jaribio moja huko kwenye sensa. Nautoa waya wa ishara kwenye mguu wa sensa, naufunga pamoja na waya wa sifuri pale pale kwenye mzizi wa mguu wa graundi. Kisha nawasha kila kitu: feni, hita, rilei, taa. Tofauti kati ya nyaya mbili zilizofungwa pamoja ni sifuri, na kigeuzi kinatakiwa kisome hivyo bila kujali kinachowaka na kinachozimika. Ikitokea namba nyingine, hiyo ni volti ya njiani, na sasa naiona ikiwa peke yake, bila joto la kuificha.

Usiku ule, baada ya waya wa nne, nilifanya jaribio hilo kwa mara ya kwanza. Feni imezimwa: 0, 1, 0, 0, hasi 1. Nikaichomeka plagi, mabapa yakashika kasi, nikasikia upepo ukigonga ukuta wa sanduku. Skrini ikaandika 0, 0, 1, 0. Nikaurudisha waya wa ishara mahali pake, nikafunga mlango wa sanduku, na namba ikaanza kupanda taratibu kutoka joto la chumba, hatua chache kwa sekunde, kwa mwendo ambao hewa hupashwa.